Usukani Mwepesi wa Kanyoni

Makuza hakujua kuendesha gari, na hakuona haya kulisema. Yeye alikuwa mtu wa ng'ombe. Ukimletea ng'ombe aliyevimba tumbo atakuambia amekula nini na amekulia wapi. Lakini gari kwake lilikuwa mnyama asiye na masikio, huwezi kujua amekasirika mpaka akuangushe. Mwenye gari pale nyumbani Kirolirwe alikuwa mkewe, Joséphine-Marie. Watu wote wa barabara ya kwenda soko la Sake walikuwa wamezoea kumwona mama huyo mwenye miwani na kitambaa kichwani akipita ndani ya kigari cha mbio chenye viti viwili, na mumewe kando yake, magoti yakikaribia kidevu, kofia mkono mmoja, bidoni ya maziwa mkono wa pili.

Kigari kiliitwa Kanyoni, yaani ndege mdogo kwa lugha ya nyumbani. Zamani kilikuwa chekundu. Mzungu mmoja mwenye shamba la ng'ombe ndiye aliyekileta, na miaka ile wazungu walipoachishwa mashamba yao alimwachia ufunguo dereva wake, mtu wa Shasha, akaondoka asirudi tena. Dereva yule hakuwa na mtoto wa kiume. Alimkalisha binti yake juu ya mto wa kitandani ili aione barabara, akamfundisha. Ndivyo Joséphine-Marie alivyoanza. Gari lililoundwa likimbizwe na matajiri juu ya lami ya Ulaya likawekewa springi za jipu ili tumbo lisikwangue mawe, likabebeshwa jibini na maziwa, likapandishwa na kushushwa milima ya Masisi hadi rangi yake ikawa ya kubishaniwa. Wenye magari makubwa walilicheka, halafu mvua ikinyesha wakalikuta limewatangulia Sake.

Ubaya wake ulikuwa usukani. Ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na tena haukutulia. Kila jiwe la barabarani lilipanda kwenye gurudumu, likapita kwenye vyuma vilivyolegea, likaingia mikononi mwa dereva na kumtikisa mpaka mashavu yakacheza. Joséphine-Marie aligeuza kona kwa mabega, si kwa viganja. Aliutukana usukani ule kila siku ya Mungu. "Geuka, mupumbavu weye! Njo nini sasa?" Halafu ukigeuka anaupiga piga kama mtu anayempongeza fahali. Akirudi nyumbani jioni aliilaza mikono yake mezani na kusema, "Papa Makuza, hii volani itaniua," naye Makuza alichukua siagi ya ng'ombe, akamkanda kuanzia vidoleni hadi mabegani. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya ndoa, maneno machache na siagi nyingi.

Kuna malalamiko ambayo mtu huyatoa ili kitu kiondolewe, na kuna malalamiko ambayo mtu huyatoa kwa sababu kitu hicho ni chake na ana haki ya kukilalamikia. Makuza alikaa na mwanamke huyo ujana na uzee, wakazaa, wakazika, wakakimbia vita na kurudi, lakini tofauti hiyo hakuwahi kuiona. Mtu mzima, mvi kichwani.

Ugonjwa ulianza kwenye vidole. Siku moja Joséphine-Marie alitoa sufuria ya maziwa motoni kwa mikono mitupu, akasimama nayo akizungumza na jirani yake Vestine habari za ubatizo, bila haraka, na Makuza ndiye aliyesikia harufu ya ngozi kabla ya mwenye ngozi. Alimpokonya sufuria, maziwa yakamwagika yote. Mkewe alitazama viganja vyake kana kwamba ameletewa vya mtu mwingine.

Daktari wa Goma alisema ni mishipa ya fahamu, inakufa polepole, inaanzia vidoleni na kupanda. Dawa zingeichelewesha lakini zisingeirudisha. Alieleza mengi, kwa Kifaransa na Kiswahili, naye Joséphine-Marie alikuwa na swali moja tu.

"Daktari, nitaendesha gari mupaka wakati gani?"

"Mama, hiyo tutaona. Kuko watu inapanda mbio, kuko wengine inachelewa."

Hakulia. Alifunga vizuri kitambaa chake, na walipofika nje, mbele ya watu wanaouza machungwa, alimwambia mumewe, "Chakula nitakosa, sawa. Nguo, sawa. Lakini barabara, Papa Makuza, nisikose barabara."

Maneno hayo yalimwingia Makuza kama mwiba. Angekata mikono yake mwenyewe na kumpa, kama mikono ingekuwa kitu cha kupeana. Wakati ule madaktari walimwambia Joséphine-Marie abaki hospitalini wiki kadhaa ili wajaribu dawa, na mpwa wao Umwali, anayeishi Goma, akakubali kumpelekea chakula. Makuza alirudi peke yake Kirolirwe, juu ya pikipiki, na njia nzima alikuwa anawaza usukani. Mikono inakwisha nguvu, usukani mzito. Mikono huwezi kuibadilisha. Basi badilisha usukani. Aliona ni jambo lililo wazi kabisa, akashangaa hakuliwaza mapema.

Fundi Akilimali alikuwa na garage yake Sake, kando ya njia panda, na ndiye peke yake aliyekubali kumgusa Kanyoni. Wengine walisema gari lile halina ndugu Kongo nzima. Likikosa kipande, utakitafuta wapi? Akilimali alimsikiliza mzee hadi mwisho, akijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Unataka direction assistée," alisema.

"Nataka ile inageuka yenyewe."

"Njo hiyo. Kuko kagari fulani kalianguka ku barabara ya Walikale, mwenyewe alikuwa mununuzi wa madini, hakukarudilia tena. Direction yake iko nzima, na pompe yake ya kusukuma mafuta. Nitakata, nitasoudé na moto, itaingia. Rotule tutanunua mupya ku Goma." Rotule ni vile vifundo vya chuma vinavyounga fimbo za usukani na magurudumu, vya Kanyoni vilikuwa vinacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Fundi akauliza, "Na Mama anasema je?"

Makuza alicheka. "Mama hajue kitu. Akitoka ku hospitali, aikute."

"Dereva njo yeye, Papa. Mi naona tungemuuliza."

"Fundi, weye ulishaona mutu anapewa ng'ombe, wanamuuliza kwanza kama anamutaka?"

Hapo Akilimali akaikubali kazi, kwa sababu huko milimani ndivyo ilivyo. Anayepewa ng'ombe wa zawadi haulizwi wala haambiwi mapema. Anayetoa humchagua mwenyewe, humleta mchana mbele ya watu, humsifu kwa maneno yaliyopangwa, na anayepewa husimama na kuapa kwa jina la mtoaji: yule aliyenipa ng'ombe! Kuanzia siku hiyo, hicho ndicho kitakuwa kiapo chake akishangaa, akifurahi, akitaka kuaminiwa. Hajapata kuonekana mtu aliyepewa ng'ombe akasema pembe zake sizipendi. Na hajapata kuonekana mtu wa kumrudisha. Makuza alitaka mkewe apate heshima hiyo yote, bila kupunguza hata kidogo.

Aliuza Bihogo ili kazi ifanyike. Bihogo alikuwa ng'ombe wake wa rangi ya udongo mwekundu, mwenye maziwa kuliko wote waliosalia baada ya vita kupita na kuchukua kundi. Mnunuzi alipomvuta kwenda, Makuza alifungua kamba ya Bihogo kwenye mti wa zizi, akaitupa mbali. Hiyo ilikuwa desturi yake mwenyewe, hakufundishwa na mtu: ng'ombe akiondoka, kamba yake isibaki ikining'inia, maana utaiona kila asubuhi na kila asubuhi utamkumbuka.

Akilimali alipanda Kirolirwe na vyombo vyake, akafungua Kanyoni ndani ya banda la jibini. Lile sanduku la zamani la usukani lilitoka limejaa grisi nyeusi, ngumu kama lami. Fimbo zake zilikuwa zimelika, zimepinda hapa na pale mahali Joséphine-Marie alipokutana na mawe ya miaka yote hiyo. Makuza alikaa juu ya kigoda akitazama, akitoa maoni ambayo hakuombwa. Walipoweka vyuma vipya na mipira yake, na ile pompe, na mipira mingine ya kuzuia kutikisika, fundi aliwasha mota, akamwita mzee aketi mahali pa dereva.

"Geuza."

"Miye?"

"Geuza tu, Papa. Na kidole."

Makuza aliweka kidole kimoja juu ya usukani, kwa woga, kama anayegusa ndama aliyezaliwa sasa hivi. Ukageuka. Magurudumu yote mawili ya mbele yakageuka nao, kimya, bila kulalamika. Mzee alirudisha huku, akapeleka kule, tena na tena, halafu akaanza kucheka, na alipokuwa akicheka machozi yakawa yanamtoka, na Akilimali akajifanya anatafuta spana chini.

Vile vyuma vya zamani vilibaki kwenye rundo mlangoni. Akilimali aliuliza aviweke wapi, na Makuza akawaza ile kamba ya zizini. Hakutaka mkewe arudi akute taabu yake ya zamani imelala mlangoni inamtazama. Akamwita Damien, mfua vyuma wa pale kijijini, akampa yote, bure, kwa furaha. Damien alivibeba juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, akishukuru mpaka akapotea kwenye kona. Chuma cha zamani ni chuma kizuri, alisema, hakipatikani siku hizi.

Joséphine-Marie alirudi Jumamosi, amekonda, na Jumapili baada ya misa Makuza akatengeneza sherehe yake kwenye uwanja wa kanisa. Kanyoni alisukumwa na vijana mpaka pale, ameoshwa, usukani umefungwa ukambaa wa mgomba kama ng'ombe wa mahari. Vestine alileta maziwa ya mgando. Mzee alishika fimbo yake ya kuchungia kwa mikono miwili, akasimama mbele ya gari, akalisifu kama wanavyosifu ng'ombe, kwa sauti ya juu, akiruka kidogo kwa mguu mmoja:

"Mwepesi asiyevuta bega! Anayeitika kabla hajaitwa! Aliyetoka Walikale akija kumtafuta mama wa watu! Mama, hii njo ng'ombe yako. Volani haitakuua tena."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Joséphine-Marie alimtazama mumewe, akatazama gari, na Makuza aliona mdomo wake ukifunguka kidogo. Aliingia, akaketi. Aliweka mikono juu ya usukani, akageuza kushoto, akageuza kulia. Uso wake ukawa mtupu, kama mtu aliyeita mlangoni kwa ndugu yake na ndani kukaitika sauti asiyoijua. Makuza aliuona uso huo vizuri sana. Akasema moyoni, ameshikwa na furaha.

Alizunguka uwanja polepole, mara moja. Kule mwisho, karibu na ua, alikata kona kwa kuchelewa, na watoto wa Vestine wakakimbia huku wakicheka, wakidhani ni mchezo. Akarudi, akazima mota. Alikaa ndani kwa muda, mikono imelala mapajani. Kisha akafungua mlango, akasimama wima mbele ya watu wote, akapaza sauti kwa lugha ya nyumbani:

"Yampaye inka Makuza! Makuza alinipa ng'ombe!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Sidhani kama kulikuwa na mwanamume mwenye heri kuliko Makuza siku ile katika wilaya nzima ya Masisi.

Siku ya soko la Sake ilipofika, Joséphine-Marie aliamka na kichwa kinauma. Jibini ikaenda kwa pikipiki. Soko lililofuata kulikuwa na nguo za kufua, na nguo hazingoji. Lililofuata tena alisema ana ndoto mbaya, naye hakuwa mtu wa ndoto. Makuza hakuelewa. Kila asubuhi alimpangusa Kanyoni umande, akamfungulia mlango, akamwacha hivyo, mlango wazi, kama mtu anayeacha chakula mezani kwa mgeni aliyechelewa.

"Mikono inauma?" alimwuliza.

"Hapana, Papa. Iko muzuri."

"Na volani?"

"Volani iko muzuri sana. Alinipa ng'ombe Makuza," alisema, akamshika shavu kwa vile vidole visivyosikia.

Jioni hakuilaza tena mikono mezani. Siagi ilikaa kwenye chombo chake, ikaota ukungu juu. Makuza aliliona hilo likamfurahisha, akajiambia, tazama, hachoki tena.

Kisha Akilimali akapanda kutoka Sake kuja kutazama mafuta ya ile pompe kama alivyoahidi. Ilikuwa asubuhi. Makuza alikuwa nyuma ya banda, ndani ya zizi la ndama, amepiga magoti akimtoa ndama kupe masikioni, na ukuta kati yake na gari ulikuwa wa mbao zilizoachana. Alisikia boneti ikifunguliwa. Alisikia fundi akisalimu. Alitaka kuitika, lakini ndama alikuwa ametulia, naye akasema ngoja nimalize sikio hili.

"Fundi," ilikuwa sauti ya Joséphine-Marie, ya chini, "ile direction ya zamani iko wapi?"

"Ya zamani? Mama, ile ilikuwa imekwisha. Rotule yote ilikuwa inacheza."

"Sikuulize kama ilikwisha. Nauliza iko wapi."

"Papa alipatia Damien, ule wa kufua vyuma." Akilimali akasita. "Nimepita kwake sasa hivi. Alishafanya majembe, Mama. Watu wanalima nayo."

Ndama alitikisa sikio, Makuza akalishika.

"Hii mikono unaiona?" alisema Joséphine-Marie. "Vidole ilikufa. Ukikata moja leo, nitajua nikiona damu. Lakini ile volani ilikuwa inanitikisa mupaka hapa, mu kiwiko, mupaka ku bega. Mufupa ilikuwa inasikia. Nilikuwa najua jiwe iko ku gurudumu gani. Nilikuwa najua matope mbele ya kuiona. Sasa nashika hii, ni kama nashika moshi. Siku ile ku kanisa nilikata kona, sikujua kama magurudumu imegeuka ao haiyageuka. Kidogo nikanyage batoto ya Vestine. Tangu baba yangu anifundishe, fundi, sikuogopa gari. Siku ile niliogopa."

"Mama, ungesema palepale."

"Niseme je? Watu wote wamesimama, bwana yangu anaruka na fimbo kama kijana anaoa?"

Makuza alimsikia fundi akifunga kifuniko cha chombo fulani, akakifungua tena. "Naweza kutoa pompe," alisema mwishoni. "Itarudia kuwa nzito."

"Na itanitikisa?"

"Hapana. Uongo sitakudanganya, Mama. Hii mupya iko na mipira kila mahali. Itakuwa nzito, na itanyamaza vilevile."

"Basi iache."

"Na ku Goma walisema je? Ju ya mikono?"

"Ile ugonjwa itapanda mupaka kiwiko. Ikifika pale, hata ile volani ya zamani sitaisikia tena. Labda mwaka moja, labda zaidi kidogo. Kalikuwa kamwaka kangu kamoja, fundi. Nilitaka kukakula polepole, kama mutu anakula kanyama ka mwisho mu sahani." Sauti yake ikakatika, akaitafuta, akaipata. "Papa Makuza asisikie hii neno hata siku moja. Aliuza Bihogo. Akijua, atanifia mu mikono."

Makuza alikuwa bado ameshika sikio la ndama. Hakulia, kilio kilikuwa kikubwa kuliko mahali pa kutokea. Aliona viganja vyake mwenyewe, vizima, vyenye kuhisi kila unywele wa yule ndama, akavichukia. Aliona ule uso mtupu nyuma ya usukani, aliouona kwa macho yake mawili akauita furaha. Mwanamke alibakiza kitu kimoja duniani, akamwambia kwa mdomo wake mbele ya wauza machungwa, nisikose barabara. Naye, kwa mapenzi yake yote, akauza ng'ombe wake bora ili aiondoe barabara mikononi mwake. Na fundi alimwuliza. Mama anasema je? Swali dogo kama hilo. Akacheka!

Alitaka kutoka pale alipo, azunguke ukuta, aanguke miguuni pake. Alinyanyuka hata akafika mlangoni mwa zizi. Hapo akaona itakavyokuwa: yeye chini akilia, na Joséphine-Marie, mgonjwa, ameinama juu yake anambembeleza, anamwambia si kitu, si kitu, Papa. Angelazimika kubeba huzuni yake na ya mumewe pia. Na ile siri aliyoificha mkewe kwa shida yote hiyo, ndiyo zawadi pekee aliyoweza kumpa sasa. Ni nani wa kuikataa?

Akakohoa kwa nguvu. Akaanza kumsemesha ndama, akagongagonga ndoo, na baada ya kelele za kutosha akatokea upande wa pili akijifuta mikono kwenye suruali.

"Fundi! Kumbe ulishafika? Direction iko namna gani?"

Akilimali alitazama chini. Joséphine-Marie ndiye aliyejibu, na alikuwa anatabasamu. "Iko muzuri sana, Papa. Fundi anasema hajaona ingine kama hii."

"Nilijua," alisema Makuza.

Siku ya soko ilirudi. Haikuwa imenyesha, anga ilikuwa safi mpaka unaona ng'ombe wa watu kwenye vilima vya mbali. Joséphine-Marie alitoka akasimama kizingitini, kitambaa kichwani, akimtazama Kanyoni na mlango wake ulio wazi. Makuza, aliyekuwa akifunga jibini kwenye majani, alimwona anatafuta kisingizio. Kichwa alikwisha kukitumia, nguo pia, ndoto pia. Alimwona anapapasa apate kingine, mke wake ambaye tangu amjue hakuwahi kukosa neno, na hakuweza kustahimili.

"Mama Joséphine-Marie," alisema haraka, "leo tusihangaike. Banasema barabara ya Sake imefungwa kule Kingi. Waaskari. Hakuna gari inapita."

Alienda mwenyewe, akafunga mlango wa Kanyoni, taratibu. Wakati huohuo pikipiki ilipita mbele ya nyumba ikitoka Sake, imebeba magunia ya chumvi, na nyuma yake nyingine, yenye abiria wawili na kuku, dereva akapiga honi kuwasalimu. Vumbi lao likawafikia pale walipo.

Joséphine-Marie aliwapungia mkono. Aliwatazama mpaka wakapita, halafu akamtazama mumewe, kwa muda mrefu, na Makuza akajua kwamba sasa mkewe naye anajua kuwa mumewe alisikia.

"Basi, Papa," alisema. "Tutangoja ifunguliwe."

Akaja akaketi kando yake, wakaendelea kufunga jibini pamoja, yeye akishika majani kwa kuyatazama.